Mlenda wa Figo la Ukutani

Figo la ukutani lilikuwa likivuma kama nyuki walioshiba. Lilitundikwa sebuleni, ghorofa ya saba, kati ya picha ya harusi na saa, jeupe, kubwa kama kabati la vyombo. Mrija mmoja ulitoa damu mkononi mwa Bi Nyemo, mwingine ukairudisha ikiwa imeoshwa. Na kuosha damu hakutaki maji ya mchezo. Kwa kila ndoo ya maji safi kabisa lililochuja, figo lilikataa ndoo mbili na kuzisukuma nje kwa mpira wa bluu. Maji hayo hayana sumu, yana chumvichumvi tu. Wagonjwa wengine wote wa Dodoma waliyaacha yapotelee kwenye bomba la taka. Bi Nyemo, aliyeendesha greda hadi akastaafu na hakuweza kuona kitu kinatiririka bila kutaka kukipa njia, aliupitisha mpira dirishani mpaka kwenye roshani. Huko akapanda mlenda.

Sasa mlenda ule, nyie! Ulipanda ukuta, ukaziba madirisha ya ghorofa ya nane, ukaingia jikoni kwa Mzee Mhongole wa ghorofa ya tisa na kumfunulia sufuria. Mwenyewe aliapa kwamba asubuhi moja alikuta tawi limeshika mwiko. Aliapa huku akitafuna, kwa sababu jengo zima lilikuwa likila mboga hiyo, naye Mhehe huyo, mtani wa Bi Nyemo aliye Mgogo, ndiye aliyeongoza kwa kuitukana na kwa kuomba nyongeza.

Lakini ulikuwa mwaka wa ukame. Karani wa Jengo, ile akili isiyo na mwili inayogawa umeme na maji, alikuwa amepiga marufuku mimea kwenye roshani. Tangazo lilikuwa limeshatoka: Jumamosi hiyo roboti Mng'oaji angekuja kung'oa kila kilichooteshwa. Bi Nyemo hakuwa mtu wa kulia, ila usiku alimwambia mumewe, Mzee Masinga, kwamba tangu augue kila mtu humwambia akae, apumzike, asiguse. Mlenda peke yake ndio uliokuwa bado unamhitaji.

Mng'oaji alikuja wakati mbaya kuliko wote, damu ikiwa nusu ndani na nusu nje. Alipanda ukuta kama mjusi, kwa vikombe vinavyonyonya, akasimama roshani na mikono yake sita. Mzee Masinga alimzuia kwa ufagio. Alimweleza habari za mkewe na maradhi yake, akamweleza na za watoto wa ghorofa ya nne wanaokula mboga hiyo. Roboti alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema mmea hauna kibali cha maji.

Mzee Mhongole, aliyekuja kushinda na mgonjwa kama kawaida yake, alimshauri roboti aanze na mwenye bustani, maana huyo ndiye mwenye mizizi mirefu. Bi Nyemo alikuwa akitazama mpira wa bluu.

"Mwanangu," alimwita roboti, "hebu njoo mlangoni. Unaruhusiwa kugusa kifaa cha mgonjwa akiwa kwenye tiba?"

"Hapana, bibi. Hakuna sehemu ya kifaa inayoguswa."

"Kifaa changu kinaanzia wapi?"

"Mkononi mwako."

"Na kinaishia wapi?"

Mng'oaji alimulika ukuta. "Kwenye mpira."

"Mpira unapeleka wapi maji?"

"Kwenye udongo."

"Na udongo?"

"Kwenye mizizi, bibi. Mizizi inapeleka kwenye majani."

"Haya. Nionyeshe mahali figo langu linapokwisha, hapo ukate."

Roboti alinyanyua mkono mmoja, akaushusha. Akanyanyua mwingine. Alimuuliza Karani wa Jengo, Karani akaiuliza mitambo ya afya, na mitambo ya afya ikafikiri kwa nguvu hata taa za mtaa zikapepesa mchana kweupe na lifti zikasimama. Mzee Masinga alibana ufagio kifuani. Hatimaye Mng'oaji aliikunja mikono yote sita.

"Kifaa kinaishia kwenye majani," alisema. "Bustani imesajiliwa kuwa sehemu ya figo. Samahani kwa usumbufu. Ugua pole."

Vigelegele vilianzia ghorofa ya nane na kushuka hadi chini. Lakini roboti hakuondoka. Alikuwa na neno moja la kanuni: kifaa kisipotumika siku ya tiba huhesabiwa kuwa kimetelekezwa, na kilichotelekezwa hung'olewa.

Hapo Mzee Masinga aliangua kicheko, hata ufagio ukamtoka. Kwa mwaka mzima alikuwa akimbembeleza mkewe asiruke siku za tiba. Leo kichwa kinauma, kesho kuna msiba, keshokutwa mashine inanuka.

"Mgogo, umejifunga mwenyewe," alisema Mzee Mhongole.

"Nimejifunga na mboga yenu. Leteni sufuria."

Mchana huo walikula ngazini, jengo zima, ugali wa uwele na mlenda wa karanga. Wa Bi Nyemo ulichemshwa peke yake mara mbili, maji yakamwagwa, bila karanga wala chumvi, kwa kuwa mwili wake haumudu tena kutoa madini yaliyomo kwenye majani mabichi. Alipewa vijiko vitatu. Alivila polepole, akitazama wengine wakilamba vidole kwa mboga aliyoipanda yeye. Mtani wake akadai kwamba haina ladha. Bi Nyemo akamwambia arudishe sahani.

Siku ya tiba iliyofuata aliamka na maumivu ya viungo, baridi imempenya, na kisingizio kizuri kabisa kiko mdomoni. Roshani, mama wa ghorofa ya nne alikuwa akichuma majani ya asubuhi, akihesabu kwa sauti majani ya kutosha watoto wake wote. Bi Nyemo alimsikiliza. Kisha akajikokota hadi kitini, akakunja mkono wa gauni na kuunyoosha mkono.

"Baba Mwendwa," alimwambia mumewe, "washa hicho kitu. Watu watakula nini?"