Kifaa cha Katikati

Kila jioni, wenzake walipoketi mezani kufanya kazi za shule, Pilipili alizifanya akiwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye korido. Hapo tu, karibu na dari, ndipo intaneti ilipokubali kumfikia. Ruta ilikuwa sebuleni, upande wa barabara, kwa sababu waya uliingilia dirishani kutoka kwenye nguzo. Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu na nyembamba. Mbele sebule, halafu chumba cha kaka yake, halafu korido yenye kona, jiko, na mwisho kabisa chumba alicholala yeye na mama. Kuta zilikuwa nene, za zamani, na waifai ilifika jikoni ikiwa hoi.

Jina lake halisi lilitumiwa na walimu. Nyumbani aliitwa Pilipili kwa udogo wake na kwa ukali wake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ukimchokoza asubuhi alikulipa jioni, tena na nyongeza. Kaka yake wa miaka kumi na sita aliitwa Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe kwa sababu ya mchezo wa mpira wa kwenye kompyuta, na kwa kuwa hakuchoka kulirudia, watu walichoka kubisha.

Baba yao alikuwa dereva wa lori na mara nyingi alikuwa safarini. Mama alikuwa msaidizi katika shule ya chekechea. Alifuta makamasi ya watoto wa watu mchana kutwa, na jioni alisoma kwa njia ya mtandao ili awe mwalimu kamili. Basi nyumba nzima iligombania intaneti ile ile, na kila siku kulikuwa na wa kununa.

Siku moja shangazi, dada yake baba, alikuja na sanduku. Yeye ni fundi wa mitandao, na alikuwa amechoka kumsikia mama akilalamika kwenye simu. Alitoa vifaa vitatu vyeupe, vya mviringo kama bakuli la supu. Kimoja alikiweka sebuleni karibu na ruta, cha pili kwenye rafu ya korido, na cha tatu chumba cha nyuma. Alieleza kwamba vifaa hivyo hufanya kazi kama watu waliojipanga mstari wakipitishiana ndoo za maji. Wa kwanza anachota, anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu.

Waliosikia maelezo hayo ni mama na Bingwa. Pilipili alikuwa ameshakimbilia chumbani kujaribu. Alilala chali kitandani, akafungua somo la hesabu, na lilitembea mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Alicheka peke yake kama mwehu.

Raha hiyo ilikuja kwa wakati wake. Shule yao ilikuwa ikichagua timu ya mashindano ya hesabu, na waamuzi walikuwa mji mwingine. Kila mwanafunzi angeulizwa maswali kwa video, akiwa nyumbani, na angejibu hapo hapo kwa mdomo. Pilipili alikuwa amejiandaa muhula mzima. Alifanya hesabu akiosha vyombo, alifanya hesabu akisuka nywele, hata mama akamwomba apumzike kidogo, maana alianza kuhesabu punje za wali.

Siku ilipofika, alivaa sare yake vizuri akakaa mbele ya kompyuta. Swali la kwanza alilijibu kabla mwamuzi hajafunga mdomo. La pili pia. La tatu lilipoanza, uso wa mwamuzi uliganda. Sauti ikawa inakatikakatika.

"Halo?" Pilipili alisema. "Mnanisikia? Halo?"

Hakuna aliyemsikia. Mtandao uliporudi, alimkuta mwanafunzi mwingine akijibu maswali. Zamu yake ilikuwa imepita, na kanuni ilikuwa kanuni.

Mama aliporudi kutoka kazini alitaka kujua kilichotokea. Bingwa aliwahi kujibu. Alisema Pilipili alikuwa amefungua video za muziki kwenye simu wakati huo huo, ndiyo maana mtandao ukamshinda. Alisema bila kupepesa macho. Mama aliamini, na Pilipili, juu ya kulia, akapewa na maneno.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wiki hiyo hiyo Pilipili aliingia chumbani kwa kaka yake kutafuta ufagio, ambao Bingwa alikuwa na tabia ya kuuchukua bila kuutumia. Alipoinama akaona taa ndogo ya kijani ikiwaka nyuma ya televisheni. Kilikuwa kifaa cha korido. Kilikuwa kimefichwa kule nyuma, kimezibwa na televisheni na ukuta, na waya wake umechomekwa kwenye soketi ya Bingwa.

Bingwa alimkuta hapo amepiga magoti. Kwanza alijifanya kushangaa. Halafu alikiri kwamba mchezo wake ulikuwa ukikwama, akakisogeza kifaa "kwa muda tu", akasahau kukirudisha. Pilipili alimuuliza kama alikisogeza kabla ya siku ya mashindano.  Bingwa alikichukua kifaa akakiweka juu ya kabati fupi, karibu na mlango wa chumba chake, akakichomeka kwenye soketi ya pembeni ya mlango.

"Haya, umefurahi? Usinune," alisema. "Hata hivyo usingeshinda."

Mtu anaweza kukuibia na bado ukamsamehe. Lakini akikuibia, kisha akakwambia kwamba kitu chenyewe hakikuwa na thamani, moyo hauwi tena mahali pake. Pilipili aliondoka na ufagio wake. Hakumwambia mama. Alijua mama angemgombeza Bingwa, Bingwa angesema samahani ile ya kuangalia dari, na mambo yangeishia hapo. Yeye hakutaka samahani. Alitaka Bingwa aonje. Alitaka amwone ameshika kitu anachokipenda, kisha kikatike mkononi mwake, na apige kelele asisikike.

Tangu siku ile mtandao wa chumba cha nyuma ukawa mzuri tena. Pilipili hakujiuliza kwa nini. Hasira ilimwachia wazo moja tu. Kifaa kile kiko chumbani kwa Bingwa, basi ni cha Bingwa.

Nafasi ilijileta yenyewe. Bingwa na wenzake walikuwa na fainali ya mchezo wao, Jumamosi saa kumi jioni. Aliizungumzia asubuhi, akaizungumzia chooni kupitia mlango, na aliwaalika marafiki wa mbali wamtazame mtandaoni. Pilipili akawa mpole ghafla. Alimpikia kaka yake chai, akamtilia sukari ya kutosha, akamtakia ushindi. Bingwa alidhani amesamehewa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini Bingwa hakuwahi kuwa msikilizaji mzuri wa kimya.

Jumamosi hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, mama alikuwa na mtihani wake wa mwisho. Walimu wa chuo wangemuuliza maswali kwa video. Tangu asubuhi hakula. Alipiga pasi blauzi yake ya bluu mara ya pili, akawaita watoto wote wawili akawaeleza kwa upole kwamba asingependa kusikia hata mlango ukigongwa. Mtahiniwa akikatika katikati ya mtihani na asirudi haraka, angerudia mwaka ujao. Mwaka mzima mwingine wa kusoma usiku na kuitwa msaidizi.

Pilipili si mtoto mbaya, na mama yake alimpenda sana. Ndiyo maana alikwenda kwanza chumba cha nyuma kuhakikisha. Alikiona kifaa cha tatu pembeni ya kompyuta ya mama, taa yake ya kijani inawaka vizuri. Akapiga hesabu zake, yeye bingwa wa hesabu. Vifaa vitatu, sehemu tatu. Cha sebuleni ni cha sebuleni, cha Bingwa ni cha Bingwa, cha mama ni cha mama. Mama yuko salama. Akafunga mlango polepole, akarudi koridoni.

Bingwa alikuwa amekaa ameupa mlango mgongo, vipokea sauti masikioni, akiwapigia wenzake kelele za kamanda. Mechi ilikuwa sare na imebaki kidogo kwisha. Mshambuliaji wake alikuwa peke yake na kipa.

Pilipili alipenyeza mkono mlangoni akang'oa plagi.

Lo, ilikuwa tamu. Picha iliganda, mchezaji wa Bingwa amenyanyua mguu hewani. Bingwa aliguna, akagonga kibodi, akaita wenzake mmoja mmoja. Pilipili alisimama koridoni ameishika plagi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mashindano alipumua vizuri. Onja, alijisemea moyoni. Onja na wewe.

Ndipo sauti ya mama ikatoka chumba cha nyuma.

"Halo? Walimu, mnanisikia? Halo?"

 Pilipili aliyajua maneno yale. Aliijua hata ile sauti, sauti ya mtu anayejaribu kutolia mbele ya kioo kilichoganda. Alichomeka plagi kwa haraka akakosea tundu, akachomeka tena. Taa ya kifaa ikawaka nyekundu, ikapepesa, ikaendelea kupepesa. Vifaa vile vikizimwa haviamki papo hapo kama taa ya chumbani. Pilipili alikipiga kofi, akakisihi, akakipuliza kama uji wa moto. Taa ikabaki nyekundu.

Bingwa alitoka na kumkuta hivyo. Alitazama plagi, akamtazama dada yake, halafu naye akamsikia mama. Yeye alikuwa amesikia habari ya mstari wa ndoo, kwa hiyo alielewa kabla ya Pilipili.  Alichukua simu yake, akawasha data, akakimbilia chumba cha nyuma. Aliiunganisha kompyuta ya mama na intaneti ya simu, kisha akasimama dirishani akiwa ameinyanyua simu juu, mahali penye mawimbi mazuri, mkono umenyooka. Sura za walimu zilirudi. Mmoja alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

"Karibu tena, mama," alisema. "Tulikuwa tunakuaga. Haya, tuendelee."

Bingwa alisimama hivyo hadi mtihani ulipokwisha, akibadilisha mkono ulipochoka. Chumbani kwake kifaa kilikuwa kimeshaamka, na wenzake walikuwa wanamwita kwenye vipokea sauti vilivyoachwa juu ya kiti. Walifungwa bila yeye.

Mama alipotoka, watoto wake walikuwa jikoni, kila mmoja na kona yake. Hakuuliza kwa ukali. Alivua viatu, akakaa, akangoja. Pilipili alieleza yote huku anatazama sakafu: plagi, kifaa kilichofichwa nyuma ya televisheni, mashindano, na yale maneno kwamba asingeshinda. Bingwa angeweza kukaa kimya, maana siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa shujaa. Hakukaa kimya.

"Ni kweli, mama," alisema. "Habari ya video za muziki niliitunga. Niliogopa."

 Mama alimgeukia Pilipili akamwomba radhi kwa kumgombeza bila kusikiliza upande wake. Bingwa aliambiwa kwamba Jumatatu atafuatana na dada yake shuleni, na atamweleza mwalimu wa hesabu kwa kinywa chake mwenyewe aliyoyafanya. Timu ilikuwa imeshapatikana na isingebadilishwa, lakini mwalimu asingebaki akidhani Pilipili alizembea. Tena shangazi angeitwa akipigilie kifaa kwa skrubu kwenye ukuta wa korido, kisihamishwe na bingwa yeyote.

"Mimi bado nina hasira naye," Pilipili alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini alisema hivyo hivyo.

"Una haki nayo," mama alijibu. "Alikudhulumu, tena akakudharau. Sikwambii ujifanye hukuumia. Lakini siku ile ulipokiona kifaa nyuma ya televisheni, ungekuja kwangu, haki yako ningeitafuta mimi. Wewe ukaona haki haitoshi."

Pilipili alijifuta kwa mkono wa gauni. Alisema kwamba alitaka kumkata Bingwa peke yake. Alikuwa amehakikisha, aliapa, aliiona taa ya mama kwa macho yake.

"Najua," mama alisema. "Na taa yangu ilikuwa inapata mtandao kupitia kwake. Ndivyo tulivyo humu ndani, mwanangu. Ukitaka kumkata mwenzako, kwanza tazama nani yuko nyuma yake. Leo nilikuwa mimi."