Sabuni Iliyokula Mikono

Siku hiyo, katika mtaa mmoja wa komini ya Tshopo, yaani wilaya ya mji, kila mtu alikuwa na hasira. Kuku pia walikuwa na hasira, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwapa chakula.

Hasira ilianza asubuhi, na ilianza kwa sabuni.

Mama Kasoki alikuwa mtengenezaji wa sabuni. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na ndoo, mwiko mrefu na sanduku la mbao. Alitengeneza sabuni ya mawese, akaikata kwa waya, akaiuza kwenye meza yake sokoni. Mumewe, papa Philippe, alikuwa mtumishi wa serikali. Kazi yake kubwa ilikuwa kungoja mshahara, na aliifanya vizuri sana. Kwa hiyo ni ile meza ya sabuni iliyoleta mchele nyumbani na kuwapeleka watoto shuleni.

Asubuhi hiyo Kasoki alikuwa sokoni, anapanga vipande vyake. Fortunée akafika. Fortunée alikuwa na malewa, yaani mahali pa kula kando ya barabara, na kila siku aliosha sahani nyingi. Hakusalimu. Aliinua mikono miwili.

"Angalia, Mama Kasoki! Angalia muzuri!"

Ngozi ya vidole ilikuwa imechubuka. Ilikuwa nyekundu, na mahali pengine ilitoa maji.

"Uliweka mukono ndani ya moto?"

"Niliweka ndani ya sabuni yako!"

"Sabuni yangu haina meno."

"Iko na meno! Siwezi kutwanga majani ya pondu. Siwezi kushika chumvi. Batu wanakuja kula, mimi niko naangalia pilipili kama adui!"

Wanawake wakakusanyika. Mmoja akaonyesha kidole chake. Mwingine akaonyesha mgongo wa mtoto. Mama Augustine, mkubwa wa wauzaji wa mstari ule, akafika na sauti yake, ambayo husikika hata ng'ambo ya mto.

"Kasoki, sikiliza. Jumamosi tutakaa hapa. Kama haujatuonyesha ubaya unatoka wapi, na kama haujautengeneza, meza yako inatoka."

"Inatoka kwenda wapi?"

"Hiyo utajua wewe na meza."

Kasoki alifunga vipande vyake kwa kitambaa na kuondoka. Hakujikasirikia yeye mwenyewe. Mtu mwenye hasira hutafuta kwanza mtu wa kumpelekea, na Kasoki alimpelekea Constant.

Constant aliuza mawese aliyoyatoa upande wa Banalia. Alikuwa amekaa juu ya bidoni moja, yaani dumu la mafuta, miguu juu ya bidoni nyingine.

"Wewe Constant! Unatia nini ndani ya mafuta yangu?"

"Mafuta."

"Na nini tena?"

Constant aliinuka. Alifungua bidoni, akachovya kidole, akakilamba.

"Hii mafuta mimi nakula kila siku. Niko nafanana na maiti?"

Kasoki alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Kidogo," alisema, akaenda zake.

Nyumbani alipiga kelele juu ya Constant. Alipiga kelele juu ya Fortunée. Alipiga kelele juu ya papa Philippe, ambaye hakuwa amefanya kitu, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

"Mama Kasoki, tulia..." alianza papa Philippe.

"Tulia? Jumamosi meza inatoka! Utatulisha na kutulia?"

Hapo mlango wa nyumba ya nyuma ukafunguka kwa kishindo. Mpangaji wao, Madame Aurélie, alifundisha kemia katika shule ya sekondari. Alikuwa akisahihisha mitihani, na mitihani ilikuwa mibaya, kwa hiyo naye alikuwa na hasira yake tayari.

"Tangu ulirudi ni kelele, kelele, kelele! Leteni hiyo sabuni!"

Alileta kichupa kidogo cha dawa ya kupimia alichotumia katika masomo yake. Akadondosha tone moja juu ya sabuni. Tone halikuwa na rangi. Lilipogusa sabuni, likawa la waridi kali kama nguo ya sikukuu.

"Bon. Unaona? Ndani iko soda ambayo haikupata kazi."

Soda hiyo si ile ya kunywa. Ni dawa kali, nyeupe, inayouzwa kwa kutengeneza sabuni. Bila hiyo hakuna sabuni. Lakini ikigusa ngozi inaunguza, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha.

"Sabuni inazaliwa namna gani?" aliuliza Madame Aurélie. "Soda inakula mafuta. Kabisa, inayakula. Vile viwili vinapotea, sabuni inabaki. Sasa soda ikimaliza mafuta yote, na ingine bado iko na njaa, itakula nini?"

Kasoki aliitazama ile sabuni.

"Itakula mukono wa Fortunée! Nionyeshe unapima namna gani."

Kasoki alionyesha. Kopo la tomati kwa mawese. Kopo dogo kwa soda. Kisha akachukua kifuko kilichofungwa fundo.

"Na hiyo?"

"Hii? Ni matabisi ya papa Hubert."

Hubert ndiye aliyemwuzia soda. Matabisi ni nyongeza: muuzaji akimpenda mteja, humwongezea kidogo bure. Siku za karibuni Hubert alimpenda Kasoki sana kama mteja, na kifuko kilikuwa kimenenepa.

"Hiyo matabisi unaifanya nini?"

"Naitia ndani."

"Yote?"

"Yote! Madame, ni matabisi! Nani anatupa matabisi?"

Madame Aurélie alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alifumba macho kama mtu anayesali, lakini hakuwa akisali.

"Donc, Hubert alikuwa na roho muzuri, na Fortunée akakosa ngozi."

Papa Philippe alicheka. Wanawake wawili walimtazama. Akaacha.

"Kesho naleta wanafunzi wangu hapa," alisema Madame Aurélie. "Wanajua kuandika sabuni kwa ubao. Hawajaiona ikizaliwa. Na wewe utafanya kazi mbele yao, na balance, si na kopo."

Kesho yake wanafunzi walijaa uani. Kasoki alivaa glavu na miwani aliyopewa na mwalimu. Alipima kwa mizani: kwa kilo moja ya mawese, gramu mia moja na thelathini za soda. Hakuongeza hata punje.

Mwanafunzi mmoja, Merdi, akachukua jagi la maji, tayari kumwaga juu ya soda.

"Rudisha!" Kasoki alipiga kelele, kwa kuwa mwalimu alikuwa amemfundisha usiku kucha. "Soda inaingia ndani ya maji, pole pole! Ukimwaga maji juu ya soda, inaruka ku macho! Na ikikugusa, unamwaga maji mengi, mengi, haungoji!"

"Mama, tuweke ndani ya hii sufuria ya aliminyamu?"

"Soda inakula aliminyamu pia! Leta ndoo ya plastiki! Shuleni wanawafundisha nini?"

Madame Aurélie alikohoa.

Soda ilipoingia, maji yalichemka yenyewe bila moto, na wanafunzi wakarudi nyuma. Yalipopoa, Kasoki aliyatia ndani ya mawese, akakoroga mpaka yakawa mazito kama uji. Akayamimina sandukuni. Sabuni hiyo ingekauka mwezi mzima kabla ya kuuzwa.

Kisha wakaiponya ile sabuni mbaya. Waliikwaruza, wakaiyeyusha taratibu katika sufuria ya chuma pamoja na maji kidogo. Waliongeza mawese kidogo kidogo, ili soda yenye njaa ipate chakula chake. Kila mara mwalimu alijaribu tone. Rangi ya waridi ikafifia, ikafifia, hata isionekane.

Jumamosi Kasoki alisimama mbele ya meza yake. Alieleza kila kitu, na hata kifuko hakukificha. Aliwaambia wote warudishe vipande vya zamani, awape vya ile sabuni iliyoponywa.

"Maneno ni maneno," alisema Mama Augustine. "Nani atajaribu?"

Fortunée aliinua mikono yake iliyofungwa vitambaa.

"Si mimi. Yeye! Mpaka hii mikono inapona, sahani za malewa ataosha yeye, bila glavu, na sabuni yake!"

"Ataosha!" wanawake wakasema.

Kasoki aliosha. Aliosha sahani, sufuria na miiko, huku amenuna. Fortunée alisimama nyuma yake.

"Hii iko na mafuta. Rudia."

"Iko safi."

"Rudia!"

Aliendelea hivyo kila siku, mpaka Fortunée akafungua vitambaa na kuona ngozi mpya. Siku hiyo Mama Augustine alikuja na wanawake wake. Fortunée alishika mikono ya Kasoki, akaigeuza juu na chini kama mtu anayenunua samaki. Akainusa. Haikuwa na jeraha hata moja.

"Meza inabaki," alisema Mama Augustine.

"Nipatie vipande viwili," alisema Fortunée. "Lakini bado niko na kasirani na wewe."

"Hata mimi," alijibu Kasoki, akamfungia sabuni yake.