Hojaji Kumi na Nane

Kila Jumamosi Chiriku aliosha vyombo, akafagia uwanja, kisha akawa huru. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa aliongea hata akiwa na mswaki mdomoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Jumamosi hiyo dada yake, mwanafunzi wa chuo cha jirani, alimpa bahasha. "Zimebaki hojaji kumi na nane. Wapelekee wasichana wa bweni la chuo. Nataka kujua wanaionaje siasa, na kama watapiga kura. Subiri wajaze. Jumatatu mwalimu anataka ripoti yangu."

Njiani kulikuwa na mechi ya netiboli. Chiriku akaketi kando ya uwanja. Mechi ilipokwisha, jua lilikuwa limeshapanda, naye hakuwa amefika bwenini. Akatoa kalamu, akazijaza zote mwenyewe. Katika kila moja aliandika kwamba atapiga kura.

Alasiri dada alizisoma mezani, bibi akishona vifungo pembeni. Dada alicheka, kisha akaacha.

"Bibi, sikia mwanachuo huyu. 'Siendi mikutano ya siasa kwa sababu mama hataki nichelewe kurudi.' Na huyu: 'Nitapiga kura nikimaliza shule ya msingi.'"

Bibi alikata uzi kwa meno. "Kitendawili."

"Tega," dada akaitika.

"Nina mdomo mmoja, nimewasemea watu kumi na wanane, wenyewe hawana habari."

Chiriku alisogea karibu na meza.

"Ni mimi, bibi," Chiriku akasema.

"Mwalimu akigundua, narudia mwaka mzima," dada alisema. Hakupaza sauti. "Kesho tunakwenda wote."

Jumapili walipita chumba kwa chumba na karatasi mpya, Chiriku akibeba bahasha. Ghorofani, msichana mmoja alikuwa akimsuka mwenzake.

"Mimi sipigi," alisema bila kuinua macho. "Mara iliyopita nilipanga foleni tangu alfajiri. Nilipofika mbele, jina langu halimo. Hakuna aliyeniuliza mpaka leo."

"Basi andika hivyo hivyo, dada," Chiriku akamwambia, akampa kalamu.

Kati ya wale kumi na wanane, kumi na mmoja walisema hawatapiga kura. Jumatatu ripoti ilipokelewa.

Jioni bibi, aliyekwisha kusimuliwa ya bwenini, alimwita Chiriku, akamkabidhi sindano amtungie uzi.

"Yule msusi wa ghorofani, Jumamosi wewe ulimjibia nini?"

"Kwamba atapiga kura."

"Mara ya kwanza alifika kusema lake, akarudishwa. Ungemrudisha mara ya pili, tena bila yeye kujua. Ukitumwa kuuliza, mjukuu wangu, uliza. Jibu si lako. Lako ni kulifikisha lilivyo."

Chiriku alitunga uzi, akamrudishia bibi sindano. Siku hiyo alipiga mswaki kimya.