Ua Pana Kuliko Mlango

Mimi ndiye niliyeona kwanza: ukingo wa ua la bango letu ulikuwa na ngazi ngazi. Kwenye simu lilikuwa laini. Kwenye karatasi ya majaribio ya bango, pale kwa mchapaji, kila petali ilikatikakatika kama matofali.

Mama yangu ni fundi cherehani. Bango la duka lake lilikuwa litundikwe Jumamosi. Ua lile nililichora mimi kwa penseli, nikalipiga picha.

"Ua gani hili?" Mama akauliza. "Limetafunwa na panya? Tuandike jina tu, ua tuliache."

Nikaifunika karatasi kwa kiganja.

Dada Wino, jirani yetu anayechapa mabango, akacheka. "Mama, usilionee ua la watu! Picha ya simu ni vitone vitone. Ukiikuza, vitone navyo vinakua. Bango linataka mchoro wa mistari. Huo hata uukuze kama nyumba, hauharibiki."

"Programu ya kuchora mistari hiyo si ghali?" nikanong'ona.

"Bure kabisa. Inaitwa Inkscape. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, usiokoteze kwingine."

"Mimi niliishia darasa la tano, dada," nikasema.

"Kwani nimekuomba cheti? Nimekuomba ua. Kaa hapa."

Akaifungua picha yangu kwenye kompyuta yake. Nikachagua kalamu ya programu ile, nikabofya kuizunguka petali. Nukta zikajaa kama upele. Mstari ukawa mabonde na vilima.

"Mama yako hubandika pini ngapi kwenye kola?" akaniuliza.

"Chache. Zikizidi, kitambaa kinakunjamana."

"Basi?"

Nikaelewa. Nikafuta, nikaanza upya. Niliweka nukta pale tu petali inapogeuka. Nikabofya bila kuachia, nikavuta. Mstari ukapinda polepole, kama uzi unaofuata sindano. Nikatia rangi. Nikaiondoa picha ya penseli iliyokuwa chini. Kisha nikahifadhi kwa SVG, faili linalotunza mistari.

Jumamosi bango likapanda. Ua lilikuwa pana kuliko mlango, na ukingo wake laini kama hariri.

Mteja mmoja, mama wa makamo, akasimama. "Fundi, mchoraji huyu umemtoa wapi?"

Mama akanitazama, akabana midomo makusudi. Aliniachia mimi.

Nikasema neno ambalo sikuwahi kulitamka, hata nikiwa peke yangu:

"Mchoraji ni mimi, mama."