Mlango wa Yarbu

Gari lilipinduka kwa sababu ya panya. Alfajiri hiyo, kaskazini mwa Chad, walikokuwa wakipeleka dawa, mnyama mdogo mwenye miguu mirefu ya nyuma aliruka mbele ya taa, na Balagizi, dereva wa Ndosho, mtaa wa Goma, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kugonga hata kuku, akakata usukani kumkwepa. Gari likalala ubavu mchangani, redio ya mawasiliano ikapasuka, na mguu wake wa kulia ukavunjika chini ya goti.

Cibalonza, muuguzi wa Kyeshero, mtaa mwingine wa Goma, aliufunga kwa mbao za sanduku la dawa. Maji yalibaki lita nne. Kisima walichokipita jana kilikuwa kilomita arobaini nyuma. Akakaza kamba za viatu, tayari kwenda kutafuta msaada.

Mtu wa Goma ndivyo alivyofunzwa. Mwaka ule volkano ilipolipuka, 2021, Cibalonza alitembea mpaka mji wa Sake na mtoto mgongoni, na akapona. Kwao, anayechelewa kuondoka hujitafutia mauti.

Balagizi akamwonyesha tundu alimoingia yule panya. Jua lilikuwa limechomoza punde tu, na tayari tundu limezibwa mchanga kutoka ndani.

"Mama Ciba, angalia. Watu ya huku wanakaitaka yarbu, ni jina ya ile nyama ya nguvu ya kiuno na mapaja yenye inakarushaka. Jina yake yote ni kuruka. Lakini jua ikipanda, kanafunga mulango, kanabakia."

"Na wewe ukifia hapa?"

"Ukienda, tutakufa wote wawili, kila mutu peke yake."

Cibalonza alilia kwa hasira, kisha akavua viatu. Akachimba shimo kwenye kivuli cha gari, akamburuta mgonjwa ndani, akatandaza turubai juu. Maji aliyapima kwa kifuniko cha chupa. Adhuhuri homa ya Balagizi ikapanda. Mara tatu Cibalonza aliinuka aondoke, mara tatu akalitazama lile tundu, akakaa. Si ujasiri huo. Aliogopa tu.

Jua lilipoinama, lori la wachuuzi wa chumvi likaona ubavu mweupe wa gari ukimetameta kwa mbali, likakata kona kuwafuata. Walipokuwa wakimpakia Balagizi, mchanga wa mlangoni mwa lile tundu ulitikisika, na yarbu akachungulia.

Leo Balagizi anatembelea fimbo, na mguu anao. Majirani wa Kyeshero humuuliza Cibalonza alimwokoaje, wakingoja kusikia kilomita alizokimbia.

"Nilibakia," huwajibu.