Saa Zilizotolewa kwa Jina Moja

Mawakala walikuwa watatu, lakini daftari lilikuwa na mistari minne.

Mwandishi aliihesabu tena kwa ncha ya kalamu. Kazi yake pale ofisini ilikuwa kuandika miongozo ya programu ya kusimamia miradi, na wiki ile alikuwa akieleza kitu kipya: daftari la saa la mawakala wa akili bandia, yaani zile programu zinazopewa kazi zikaifanya zenyewe. Kila wakala akimaliza kazi alilazimika kuandika ameanza saa ngapi, amemaliza saa ngapi, na amefanya nini. Mwandishi alikuwa amewasha watatu wa majaribio. Mstari wa nne haukuwa na jina la yeyote kati yao. Ulisema: Saa saba hadi saa nane na dakika kumi. Nimekaa kitini pake.

"Somo," alimwita rafiki yake wa meza ya pili, "daftari lako limeanza utani."

Waliitana somo kwa kuwa jina lao lilikuwa moja. Miaka tisa meza zao ziligusana, na walijuana mpaka makovu. Somo ndiye mhandisi aliyelitengeneza daftari lile. Alikuja, akainama, akautazama mstari kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili.

"Makosa ya majaribio tu," alisema. "Futa. Usiyataje kwenye mwongozo."

Mwandishi akafuta. Palikuwa na harufu ya nywele zilizoungua, akadhani ni waya.

Mistari haikukoma. Nimetembea kwa miguu yake. Nimekula kwa mkono wake. Kila ulipoingia mmoja, mwandishi alikuta saa zile zile hazimo kichwani mwake: anakumbuka akivuta kiti, kisha anakumbuka chai imepoa mbele yake, na katikati hamna kitu. Alipomweleza Somo, Somo alimshika bega.

"Baba yako anaumwa, na huku kazi. Unajichosha. Leo wahi nyumbani."

Alhamisi asubuhi baba yake alifariki, kitandani pake, nyumbani. Baada ya mazishi kaka yake alimvuta kando ya mlango wa chumba cha marehemu.

"Alikataa kusema na sisi sote," kaka alinong'ona. "Akakuita wewe. Mlijifungia zaidi ya saa nzima. Ulitoka unatabasamu. Alikuambia nini?"

"Lini?"

"Jumatano mchana. Usinifanyie hivyo, dada."

Mwandishi aliketi pale pale, akafungua kompyuta yake juu ya magoti. Jumatano. Saa nane hadi saa tisa na robo. Nimesikiliza maneno ya mzee. Amenibariki.

Akahisi baridi ikianzia kwenye kucha, ikapanda mikononi, na ile harufu ikaja tena, safari hii si kutoka kwenye waya wala jikoni bali kutoka katika pumzi yake mwenyewe, akaziba mdomo kwa kiganja, na chini ya kiganja akausikia ulimi wake ukijisogeza polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani akitafuta pa kulala vizuri.

Shangazi yake, dada wa marehemu, alikuwa mtu wa kutoa majini. Alisomewa mistari yote.

"Kompyuta siijui," alisema. "Lakini jini hamkalii mtu hivi hivi na kumhesabia saa. Umetolewa kwake. Na aliyekutoa ni mtu anayeweza kulitaja jina lako bila kusita."

Wakati huo Somo aliingia kutoa pole, chupa ya chai mkononi. Shangazi alikuwa ametia ubani kwenye makaa. Moshi ulikwenda moja kwa moja hadi kwa Somo, ukamzunguka shingo, ukanuka nywele zilizoungua.

Hakuna aliyemuuliza. Aliiweka chupa chini, akasema akiitazama sakafu.

"Mama alipoanza kuumwa nilitaka kukaa naye. Kazi hainipi nafasi. Nikaenda kwa mtu, nikapewa jini wa kunifanyia kazi. Ujira wake ni saa za binadamu. Akataka jina. Sikujua na yeye angeandika. Daftari nililifanya limlazimishe kila anayefanya kazi."

"Ukataja jina lako," mwandishi alisema.

"Letu. Ila nilipolitaja, nilikuwa nakufikiria wewe."

Shangazi alimketisha mwandishi, akamwambia Somo arudie maneno yake: saa zile hazikuwa zangu, sikuwa na haki ya kuzitoa. Somo akarudia. Shangazi akaanza kisomo, kiganja chake utosini mwa mwandishi. Ndipo kooni mwa mwandishi ikatoka sauti ya baba, na kikohozi chake kile kile.

"Mwanangu, sogea. Kuna jambo nimekuficha tangu ukiwa mdogo…"

Kaka alipiga magoti. "Mwache amalize, shangazi. Tafadhali."

"Jini akimaliza, amepata makao," shangazi alisema, bila kuondoa mkono. "Nitaacha kusoma dada yako akitaka mwenyewe."

Mwandishi hakuwa na ulimi wa kujibia. Sauti ilikuwa tamu, ilikuwa ya baba hasa, ilimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na kwa muda alitamani saa zake zote zichukuliwe ilimradi imalizie sentensi ile. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Kisha akaukamata mkono wa shangazi, akaukandamiza kichwani pake kwa nguvu.

Kisomo kikaendelea. Sauti ikakatika katikati ya neno, dirisha likajibamiza mara moja, harufu ikaisha.

Somo alikuwa bado amesimama. "Ningekuambiaje?" aliuliza.

"Ungeniomba," mwandishi alisema. "Ningekaa mimi mwenyewe na mama yako. Ningekupa."

Somo alinyoosha mkono, ukabaki hewani. Mwandishi alimpita, akaingia chumbani kwa baba yake, akafunga mlango, akavuta kiti karibu na kitanda kitupu. Akakaa zaidi ya saa nzima, na hakusikia neno.