Nilivuta Kamba Mara Mbili, Kamba Ikaja Yote

Nilivuta kamba mara mbili. Ndiyo ishara yetu: nipandishe, pumzi imekwisha.

Kamba ikaja yote. Nyepesi, kama haina mwenyewe.

Jamani... niko chini ya mto, nyoka wa maji yuko kiganja kimoja tu kutoka puani mwangu, na mtu wa juu ameniachia.

Ngoja niwaeleze. Mimi ni fundi bomba mstaafu. Wenzangu walipostaafu walifuga kuku, mimi nikanunua kamera ya kupigia picha majini. Nawapiga picha nyoka wa maji, wa porini kabisa, tukitazamana uso kwa uso. Wa siku hiyo alikuwa mnene kama bomba la maji machafu.

Mke wangu anasema kama mpini wa jembe. Yeye hakuwepo.

Ili nisielee, navaa mkanda wa suruali nilioufungia koki kuukuu za chuma. Nikitulia chini, nyoka ananidhania jiwe, anasogea mwenyewe. Shida ni kupanda. Hapo ndipo shemeji, mdogo wake mke wangu, anashika kamba ukingoni.

Na shemeji huyu, wiki ile ile, aliniuliza tukiwa mezani:

"Shem, ukifa, hii kamera inabaki na nani?"

Nilicheka. Chini ya maji sikucheka.

Nikafungua mkanda. Ukazama na koki zake, suruali nayo ikaufuata. Nikaibuka na kamera na chupi.

Ukingoni hakuna mtu. Viatu vya shemeji tu, kimoja huku, kimoja kule.

Nikasema, ahaa. Mwenye hatia hakumbuki viatu.

Nikajifunika mfuko wa kamera kwa mbele, nikapita njia za uchochoroni mpaka nyumbani. Kufika dirisha la jikoni, nasikia sauti ya chini.

"Usiwaambie watoto kwanza," shemeji anasema.

"Una hakika amekwisha?" Huyo mke wangu.

"Kamba imeondoka, dada. Amekwisha."

Kumbe wako wawili...

Nikasukuma mlango. "Sijaisha."

Shemeji akaenda chini na kiti chake. Mke wangu akanitazama kuanzia juu, akaishia miguuni.

"Suruali iko wapi?"

Ndoa yote hii, swali ni suruali.

"Muulize muuaji wako."

"Shem, niliingia kukutafuta..."

"Wewe? Unayemkimbia mjusi? Kusanya vitu vyako, utoke kwangu leo hii."

Akainuka. Nguo zake zilichuruzika maji sakafuni. Nikajiambia huyu kajimwagia ndoo, anatengeneza ushahidi.

Akaenda kufunga begi. Mimi nikakaa kumtazama nyoka wangu kwenye kamera. Katoka safi, ulimi nje.

Nikasogeza picha ya pili.

Nyuma ya wangu kuna nyoka mwingine, sikumwona nilipopiga. Kajizungusha kwenye kamba, anapanda nayo moja kwa moja kuelekea mikono ya shemeji. Sasa niambieni, anayemkimbia mjusi ataishikilia hiyo kamba?

Picha ya mwisho imetikisika. Niliibonyeza bila kujua, nikihangaika na mkanda. Nyuma kabisa, kwenye maji ya tope, kuna miguu miwili inarusha mateke ovyo. Soksi nyekundu.

Shemeji hajui kuogelea.

Nikageuka. Alikuwa mlangoni na begi. Soksi nyekundu mguu mmoja, mwingine mtupu.

"Maji yalinichukua mpaka kwenye matete," akasema. "Kutoka, sikukuona tena. Nikajua basi."

"Na lile swali la kamera?"

"Nilikuwa nakutisha, shem. Uache hawa nyoka."

Mke wangu akamnyang'anya begi, akanirushia kanga. "Jifunge kwanza, ndipo umwombe radhi."

Nikajifunga. Nikamwomba.

Nyie mnaosoma, lichukueni hili. Njia nzima nilikuwa na picha zote mkononi, nikamhukumu mtu kwa ile niliyoipiga kichwani.

Mtoni bado naenda. Kamba tunaifunga kwenye mti, najivuta mwenyewe.

Shemeji anashika suruali.